Mkwe, Mlango na Ziwa

Mwaka ule Ottilia wa Maguu alikuwa na neno moja tu moyoni, nalo ni hili: aingie Ziwa Nyasa, maji yamfike shingoni, kisha atoke, arudi zake nyumbani kwenye kahawa yake. Hakuomba lingine. Afya alikuwa nayo ya kutosha, meno alikuwa nayo machache lakini yanaelewana, na watoto wote walikuwa wamekwisha kuondoka nyumbani bila kumwachia deni wala kesi.

Ziwa lenyewe alikuwa akiliona tangu azaliwe. Mvua ikikatika na ukungu ukainuka, ukisimama juu ya mibuni ya Ottilia unaliona kule chini mbali, limelala kama shuka lililoanikwa. Aliliona akiwa binti, aliliona akiwa na mimba, aliliona akiwa na mzigo wa kuni kichwani, na kila mara alilitazama kama mtu anavyotazama sahani ya jirani. Marehemu mumewe, Joakim, alimwahidi tangu wakiwa wachumba. "Kahawa ikishauzwa, tutashuka." Kahawa ikauzwa, wakanunua mabati. Ikauzwa tena, watoto wakaenda shule. Ikauzwa tena, Joakim akapata wazo la nguruwe. Mwisho Joakim mwenyewe akafa, na wiki ile ile ya kufa alikuwa bado anaahidi. Ottilia alimlilia kweli kweli, lakini pale pale kaburini, katikati ya kilio, alimwambia kimoyomoyo: wewe mzee ni mwongo.

Sasa basi, Jacqueline, kitinda mimba wake, mwalimu wa Mbinga mjini, akapiga simu kusema mume wake ana mpango. Shule zikifunga, familia ishuke ziwani, kwenye bustani moja ya mapumziko karibu na Mbamba Bay. Watalala kwenye mahema, watachoma samaki, wataogelea. Jumapili watakuja Maguu kupanga.

Ottilia akaweka simu chini, akacheka peke yake mpaka kuku wakamshangaa. Halafu kicheko kikakatika, maana alikumbuka mwenye mpango ni nani.

Mwenye mpango ni Adrian, na Adrian ni mkwe. Kwa akina Ottilia, mkwe wa kiume na mama wa mke hawazoeani. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia na kujifanya anatafuta kitu kwenye majani. Hawashikani mikono. Hawali sahani moja. Mkwe hamwoni mama mkwe kichwa wazi, na kumwona amelowa, nguo zimemganda mwilini, hilo hata kulitaja ni matusi. Kuongea nako hawaongei, wanapitisha maneno kwa mtu wa tatu. Na kama mtu wa tatu hayupo, wanapitisha kwa chochote kilicho karibu.

"Mlango," Adrian alisema Jumapili ile, amesimama nje, ameipa nyumba mgongo, "mpe mama shikamoo yangu."

"Sufuria," Ottilia akajibu toka jikoni, "mwambie Baba Lidia marahaba. Muulize kama wamekula."

"Mlango, tumekula."

"Sufuria, mwambie ni mwongo. Jacqueline hajawahi kupika kabla ya Misa tangu nimzae."

Jacqueline mwenyewe alikuwa amesimama katikati, Lidia mchanga mgongoni, anapepesa macho kama mtu aliyenyeshewa na mvua ya pande mbili. "Mimi nipo," alisema. "Mngeweza kunitumia mimi."

Wakakaa uwanjani kwenye vichanja vya kukaushia kahawa. Ottilia na bintiye upande huu, Adrian upande wa pili wa kichanja, amegeukia mibuni, mgongo kwa watu. Alikuwa fundi wa simu, kijana mpana wa mabega, Mnyasa wa Kihagara, kule kule ziwani. Alisema alijua kuogelea kabla ya kujua kutembea, na ukimwona anavyotembea unaamini.

Urbani naye akaja. Huyu ni kaka mkubwa wa Ottilia, katekista wa miaka mingi. Hakualikwa, ila alisikia kwamba kuna kikao, na Urbani kikao hakimpiti. Akajiteua mwenyekiti, akafungua kwa sala. Sala ilikuwa ya urefu ambao maharage mabichi yangeiva, na ndani yake aliombea mpaka matairi ya gari.

"Haya," alisema baada ya Amina. "Baba Lidia, tueleze."

Adrian akaanza kuieleza mibuni. "Mahema mawili nimeazima. Moja la mama na Jacqueline na mtoto. Moja la mjomba Urbani. Mimi nitalala kwenye gari."

"Nani kakuambia mimi nakwenda?" Urbani akauliza.

"Mjomba, umekuja na begi."

Urbani akalisukuma begi nyuma ya kigoda kwa kisigino. "Endelea."

Mambo ya chakula yakapita kwa ubishi wa kawaida. Ottilia alisema atabeba unga, maharage, viazi na jembe.

"Jembe la nini, Mama?" Jacqueline akauliza.

"Mtu anatokaje kwake bila jembe?"

"Mibuni," Adrian akasema, mabega yakimtikisika, "waambieni watu wa milimani kwamba ziwani hatulimi. Tunakula dagaa wetu wa usipa, tunalala."

"Kichanja," Ottilia akajibu, "mwambie ndiyo maana wanakuja kuoa huku."

Hapo hata Urbani alicheka. Lakini kicheko kiliisha Adrian alipompigia simu msimamizi wa ile bustani, mtu mmoja anaitwa Tobias, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie. Tobias akaeleza choo kiko wapi, kuni ziko wapi, tumbili wanaiba nini. Kisha akasema, "Na sharti letu moja. Asiyejua kuogelea haingii ndani zaidi ya magoti mpaka awe ameshikwa na anayejua. Mwaka jana tulipata shida. Sitaki tena."

Ottilia akainamia simu. "Mwanangu, wewe si unajua? Si utanishika wewe?"

"Bibi, mimi nachunga ufukwe mzima. Kila familia ije na mwogeleaji wake."

Simu ikakatika. Wote wakatazama kahawa. Jacqueline kakulia Maguu, maji mengi aliyowahi kuingia ni ya kwenye beseni. Urbani hata mvua anaikimbia. Dada yake Adrian, Notburga, kule Kihagara, ni mwogeleaji hodari, lakini alikuwa amejifungua juzi juzi tu na bado yuko ndani. Aliyebaki ni yule aliyekuwa anaitazama mibuni.

"Haiwezekani," Urbani akasema. "Mkwe amshike mama mkwe? Tena kwenye maji? Watu wa Maguu watahama kwa aibu."

"Watahamia wapi?" Ottilia akauliza.

"Sikiliza, dada. Sisi si watu wagumu. Kuna utaratibu wa kuondoa haya kati ya mkwe na mama. Wazee wa pande mbili wanakaa, kuku anachinjwa, maneno yanasemwa. Tungoje msimu ujao, tuwaite wazee wakae."

"Kaka, wazee wa kwetu wakikaa hawainuki."

"Basi mbona rahisi! Tukifika, Jacqueline atachota maji ya ziwa kwenye beseni, utaoga pale pale ufukweni. Maji ni yale yale."

Ottilia akamtazama kaka yake kwa uvumilivu, kama anavyoitazama kahawa iliyokataa kukauka. "Kaka Urbani. Mimi nimeogea kwenye beseni tangu siku niliyobatizwa, na hata siku hiyo hawakunijaza. Kama ni beseni, nabaki nyumbani, ninayo matatu."

"Basi utumbukize miguu."

"Miguu ndiyo itakayonifikisha. Inayoomba ni shingo."

Akainuka, akaenda ukingoni kwa shamba. Siku ile palikuwa peupe, na shuka lile lilikuwa limeanikwa kule chini, la buluu, halina hata kunjo. Msimu ujao, alisema Urbani. Joakim naye alisema hivyo hivyo, sauti ile ile. Ottilia alihesabu waongo wa maisha yake, akaona wanaongezeka.

Nyuma yake Adrian akakohoa. "Mibuni, muulizeni mama kitu. Mbuzi wake anamfunga kwa kamba ya namna gani?"

Ottilia akageuka, lakini akakumbuka, akageukia ndizi. "Migomba, mwambieni ya katani. Nzito. Kwa nini?"

"Tobias amesema awe ameshikwa. Hakusema kwa mkono. Mama akifungwa kamba kiunoni, mimi nikakaa nyuma ya jiwe, nimegeuka, nimeshika upande wa pili, si nimemshika? Na sijamshika."

Wote wakamgeukia Urbani. Katekista akafumba macho, akapekua kichwani amri za Mungu, za Kanisa na za babu yake, na katika zote hakukuta kamba. "Kamba si mkono," akatamka mwishowe. "Kamba ni kamba."

Jacqueline akaleta nguo aliyoinunua mitumbani Mbinga, vazi la kuogelea, jekundu. Ottilia akalinyosha kwa vidole viwili.

"Hii ni nguo au mkanda?"

"Wanavaa hivyo, Mama."

"Wakishavaa hii wanavua nini?" Akalirudisha. Ataingia na gauni lake la kitenge cha jubilei ya parokia, kile chenye picha ya padri mwanzilishi mwenye ndevu, ambaye kwa kosa la fundi alikaa mzima mzima kwenye makalio. Urbani akalalamika kwamba ni utovu wa heshima kumzamisha padri. Ottilia akasema padri huyo alivuka bahari kuja huku, maji ameyazoea.

Jioni ile ile wakajaribu mahema. Urbani alipigilia vigingi mwenyewe, kwa namna yake, maana alikataa kuelekezwa na mtu anayemwonyesha mgongo. Ottilia akaingia ndani kupima kama anaenea. Hakuwa hata amekaa vizuri, hema likamwangukia lote, akabaki anatapatapa humo kama paka kwenye gunia.

Adrian alikuwa hatua chache. Angeweza kulinyanyua kwa mkono mmoja. Badala yake alisimama, mikono ameifungia mgongoni, anahangaika. "Hema! Hema, mwambie mama asipige mateke! Jacqueline, uko wapi? Hema, mwambie mama Jacqueline anakuja!"

"Hema limenimeza!" Ottilia akapiga kelele. "Litatumwaje?"

Jacqueline akaja mbio toka chooni, akamtoa. Ottilia akafunga kilemba upya, akavuta pumzi. Kwa jicho la pembeni aliiona mikono ya mkwe wake, bado imefungana mgongoni, vidole vimebanana mpaka vimepauka. Usiku, usingizi ulipochelewa, aliwaza: hema tu, nchi kavu, na hakuniinua. Na maji je? Akaogopa. Halafu akawaza shingo yake, akaona afadhali kuogopa akiwa njiani.

Siku ya siku ikafika, wakateremka kwa ile lami inayopinda milimani mpaka masikio yakazibuka. Adrian anaendesha, Urbani mbele anasali kila kona, Ottilia nyuma kabisa na jembe lake. Ziwa lilikuwa linakua. Kila kona linakua. Ottilia alikuwa amelizoea dogo, la kutosha kwenye jicho moja. Waliposhuka garini kwenye mchanga, akalitazama kushoto halafu kulia, halikuisha.

"Loo," alisema. "Kumbe Joakim alikuwa anaahidi kitu kikubwa hivi."

Mahema yakasimama, safari hii kwa vigingi vya Adrian. Tobias akaja, kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni, akaiona kamba, akakuna kichwa. Akauliza kama ndiyo desturi ya Maguu. Urbani akamwambia ndiyo, tangu mababu. Tobias akaenda zake.

Wakajipanga. Adrian akakaa nyuma ya jiwe kubwa, uso kwa milima, kamba ameizungusha mkononi. Jacqueline akasimama mchangani, mtoto mgongoni. Urbani akakunja suruali na kuingia maji ya magotini, kuwa shahidi. Walikuwa wamekubaliana: kamba ikitikiswa mara moja, mama yuko salama. Mara mbili, avutwe.

Ottilia akaingia.

Maji yakamshika vifundo, akaguna. Yakamshika magoti, akasema maneno ya Kimatengo ambayo Urbani alijifanya hakuyasikia. Yakamfika kiunoni, gauni likajaa hewa, padri mwanzilishi akaibuka nyuma yake, ndevu juu, anaelea kwa utulivu mkubwa. Jacqueline alicheka mpaka mtoto akaamka.

Halafu kamba ikaisha.

Ottilia akasukuma tumbo mbele, kamba ikakaza. Maji kiunoni. Hakutoka Maguu kuja kulowesha kiuno. Akaitikisa kamba apewe nyingine. Haikuja, akaitikisa tena. Kule nyuma ya jiwe Adrian akahesabu mbili, akavuta kwa nguvu zake zote za Kihagara. Ottilia akaenda kinyumenyume, akakaa kitako, akaburutwa juu ya padri mpaka mchangani kama mbuzi aliyekataa mnada.

"Jiwe!" alifoka, mchanga mdomoni. "Mwambie huyo mtu mimi si mtumbwi!"

"Jiwe, mwambie mama katikisa mbili!"

"Nilitaka kamba!"

"Haipo nyingine!"

Akarudi majini na hasira. Alipofika tena kiunoni, na kamba ikakaza tena, akatazama huku na huku. Urbani alikuwa amegeuka kumwelekeza Jacqueline jambo fulani. Ottilia akafungua fundo taratibu, maana fundo alilifunga mwenyewe na mbuzi amewafunga maisha yake yote, akarudi nyuma hatua mbili, akaipitisha kamba kwenye mkanda wa suruali ya kaka yake kwa nyuma, akaikaza. Akaitikisa mara moja. Niko salama. Akaondoka.

Tumbo. Kifua. Kwapa. Maji yakamfika shingoni, baridi, yamemzunguka pande zote kama watu wanaosalimia wote kwa mpigo. Akafumba macho. Mzee, alimwambia Joakim, nimefika. Bila wewe, lakini nimefika.

Akapiga hatua moja ya ziada, ya furaha tu. Hatua hiyo haikuwa na chini.

"Mama!" Jacqueline akapiga ukelele. "Mama amezama! Adrian! Vuta!"

Adrian akavuta. Urbani akang'oka majini mzima mzima kwa mkanda wake, akaanguka chali, akaanza kuburutwa anapiga kelele. Adrian akasikia kelele, akaacha kamba, akatoka nyuma ya jiwe mbio, macho ameyafumba, mkono mmoja usoni.

"Yuko wapi? Kulia au kushoto?"

"Fumbua macho, mume wangu!"

"Asifumbue!" Urbani akapayuka toka majini. "Desturi!"

Adrian akaifuata ile sauti, akajirusha, akakumbatia kiuno cha mtu, akamburuta hadi nchi kavu na kumgeuza kifudifudi ili maji yamtoke. "Mama, pole, Mama, samahani, Mama," alikuwa anasema, anampiga mgongoni, na Urbani anajibu kwa kutema usipa mmoja na matusi.

Wakati huo Ottilia alikuwa amekunywa kiasi cha ziwa kinachomtosha. Kidole chake cha mguu kikapata ncha ya jiwe, akajiinua juu yake, pua nje, kilemba kimekwenda zake kuelekea Msumbiji, mvi zote wazi mchana kweupe. Jiwe lilikuwa linateleza. Mbele yake, ufukweni, mkwe wake alikuwa anamwokoa katekista. Na hapo alipo hapakuwa na mlango. Hapakuwa na sufuria, wala kichanja, wala mgomba.

"Adrian!" aliita. Jina lenyewe. Hakuwahi kulitamka tangu harusi. "Huyo ni mjomba! Mimi niko huku! Fumbua macho, unishike!"

Adrian akafumbua. Akamwona mama mkwe wake, kichwa wazi, amelowa chapachapa. Akajirusha majini bila kumwangalia mtu mwingine, akafika kwa mikono miwili mitatu ya kuogelea, akamdaka chini ya makwapa wakati jiwe linamponyoka. Vile vidole vilikuwa na nguvu kuliko kamba.

Akaanza kumvuta kwenda nchi kavu.

"Unanipeleka wapi?" Ottilia akauliza, anakohoa.

Adrian hakuwa amezoea kuulizwa. Akatafuta kitu cha kukituma. "Ziwa," alisema, anahema, "mwambie mama nampeleka ufukweni."

"Ziwa lina kazi zake. Niambie mimi."

Adrian akatupa jicho ufukweni. Urbani mchangani alikuwa amekaa, anatazama, mdomo wazi, kamba bado iko kiunoni.

"Nakupeleka ufukweni, Mama."

"Nani kaomba ufukwe? Nishike hapa hapa."

Akamshika hapo hapo. Maji yalikuwa shingoni kwa Ottilia, kifuani kwa Adrian. Walikaa hivyo, hawaangaliani sana, na gauni likajaa tena, padri akaibuka katikati yao kama msimamizi wa ndoa.

"Piga miguu, Mama," Adrian akasema. "Nyosha. Usiogope, sikuachii."

Ottilia akapiga miguu. Alipiga kama anavyokanyaga udongo wa kukandika nyumba, maji yakaruka mpaka kwa Jacqueline, Lidia mgongoni akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, na Urbani akalowa upya.

"Hili litafika Maguu," Urbani akasema. "Litafika kabla yetu."

"Likifika liwaambie tumeshuka," Ottilia akajibu, na akapiga tena.

Filimbi ikalia. Tobias alikuwa anakuja mbio mchangani, ameona vurugu toka mbali, ameona kamba, ameona kilemba kinaelea peke yake. "Nani hapa hajui kuogelea?" akauliza kwa ukali.

Ottilia hakutoa mkono majini. Alikuwa amelala chali juu ya mikono ya mkwe wake, anaitazama milima ya kwao kutoka chini kwa mara ya kwanza maishani. Akamwonyesha Urbani kwa kidevu.